Wimbo Mpya wa Jumatano

Kijiko kiligonga kikombe mara tatu gizani. Nesi alifumbua macho, akadhani kuna mtu jikoni. Nje ilikuwa saa tisa alasiri, lakini pazia zito lilifunika dirisha. Chumba cha mtu aliyetoka zamu ya usiku hakijui mchana. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kuimba, naye akakumbuka kwamba alilala bila kuzima redio.

"Ndani yangu mna vita,
mlango umeninunia,
nani atasikia nikiita?"

Ilikuwa Jumatano, siku ya Fundi Mafumbo. Mtangazaji huyo alirusha kipindi chake kutoka nyumbani kwake, na mtaa mzima ulimpenda. Kila wiki aliwapigia wasikilizaji wimbo mpya wa mwimbaji asiyejulikana, kisha akaufumbua kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

"Mlango ni moyo, ndugu zangu," alisema. "Vita ni mawazo. Na msaada anaoulilia? Upendo tu, basi!"

Nesi akaketi kitandani. Wiki ya sita sasa alikuwa akiisikia sauti ile, na kila wiki ilizidi kukauka. Leo mwimbaji alivuta pumzi katikati ya neno, kama wale wagonjwa wake wanaolazwa wameegemezwa mito mitatu. Akachukua simu. Alipiga mara nne ndipo ikapokelewa, moja kwa moja hewani.

"Fundi, mimi ni nesi, na huyo dada ni mgonjwa. Atafutwe leo leo."

"Haya jamani, tumepata daktari wa nyimbo!" Fundi akacheka. "Dada yangu, nesi hata ukimpa ua, atalipima homa."

Uso ulimwaka kwa aibu, lakini simu hakukata. "Cheka tu, kaka. Huyo mtu anakwisha. Nyimbo zake anakuletea nani?"

"Nazikuta zimeachwa getini. Hazina jina, hazina namba." Sauti yake ikalainika. "Kwani unadhani sijamtafuta? Nimeuliza kila hospitali. Silali, dada. Leo hii angekuwa mbele yangu, ningemshika mkono mimi mwenyewe."

Nesi akasikia mtangazaji akivuta kamasi taratibu, kama mwanamume anayejikaza asilie mbele za watu. Moyo ukamlegea. Kumbe muda wote alikuwa akimgombeza mtu mwenye uchungu kuliko wake!

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nilikushuku bure."

"Usijali, dada. Wewe una roho nzuri. Wangekuwapo kumi kama wewe, yule mama asingeimba peke yake."

Nesi akatabasamu gizani. Alikuwa ameshanyoosha kidole akate simu, mara akasikia kitasa kikizungushwa kule studio, na nyayo ndogo zikikimbia sakafuni.

"Toka! Niko hewani," Fundi alinong'ona, na kile kicheko chote hakikuwamo tena katika sauti yake.

Lakini mtoto wa kike alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti.

"Baba, mama ameshamaliza wimbo mwingine, anasema umfungulie."