Mlango wa Chumba cha Nne

Haki ya Mungu, jamani wanywa kahawa, haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na chumvi sitii.

Palikuwa na mstaafu mmoja aliyezika kiinua mgongo chake chote katika vyumba sita vya kupangisha. Alipopata mtu wa kumlipa mara mbili, akamwambia Bi Siwema wa chumba cha nne ahame. Siwema alikataa, maana kodi yake ilikuwa haijaisha. Basi mzee akaja na bisibisi.

“Ng'oa, mwenye nyumba,” alisema Siwema, amekaa kizingitini na mtoto mwenye homa mapajani. “Mlango utang'oka. Mimi sing'oki.”

Bawaba ya mwisho ilipoachia, mlango ukaota mbawa, ukaruka, ukapotelea mawinguni!

“Ukaruka?” sauti ya mwanamke iliuliza nyuma yangu. “Hebu inuka hapo, mzee.”

Niliinuka. Ubao niliokuwa nimeukalia, uliolazwa juu ya matofali, ulikuwa na kitasa, na namba nne kwa chaki.

Mvua ilianza kudondoka. Nikajitwika mlango, nikatangulia. Siwema alinifuata, ufunguo mkononi.