Bega la Bibi Verna

"Inua mkono wa kuume, uape," jaji alisema kutoka kwenye skrini.

Bibi Verna Tollefsrud aliushika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, akaunyanyua taratibu kama anayetoa samaki mzito majini, akaapa. Kisha ukamponyoka, ukaanguka mezani pu! Kikombe cha kahawa kikaruka.

"Samahani," Verna akakiambia kikombe.

Tangu achomwe chanjo ya mafua, sindano ikaingia juu mno, kwenye kiungo cha bega, mkono ule ulikuwa umegoma. Kuchanwa nywele, jirani. Kufungwa sidiria, jirani huyo huyo. Bila fidia ya serikali, inayowalipa walioumizwa na chanjo, hakuna upasuaji, na bila upasuaji angekuwa hivyo mpaka kaburini.

Wakili wake, Fusco, kijana wa New Jersey, alikuwa amesafiri hadi kaskazini mwa Minnesota kumfundisha kulia.

"Bibi, leo usione haya," alikuwa amemwambia kabla skrini haijawashwa. "Piga mayowe!"

"Mayowe, mwanangu? Majirani watadhani nyumba inaungua."

"Basi guna tu, nakuomba."

"Huku tunalalamikia mbu tu. Lakini nitajaribu."

Jaji, mama mmoja mkavu wa uso, alikuwa Washington. Ukutani nyuma yake palitundikwa samaki mkubwa aliyekaushwa, kinywa wazi.

"Mtu gani anatundika kitoweo ofisini?" Fusco akanong'ona.

Verna alimtazama yule samaki kwa heshima; kwao kila nyumba ilikuwa na mmoja ukutani.

"Bibi Verna," jaji akauliza, "bega linauma kiasi gani?"

Fusco akamkanyaga mguu chini ya meza. Jasho lilimtiririka Verna. Midomo ilikuwa imempauka.

"Aa, si mbaya sana," akasema.

"Usiku unalala?"

"Kwenye kiti, ndiyo. Kitanda ni mazoea tu."

Fusco akajifunika uso kwa faili. Wakili wa serikali, kwenye kona yake ya skrini, akatabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana.

"Mheshimiwa, sina swali. Mdai mwenyewe amekiri kwamba hana shida."

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena, asiivae.

"Alipwe fidia yote," akasema. "Maneno hayo, 'si mbaya sana,' niliyasikia nyumbani kwetu, huko huko Minnesota, mara moja tu. Baba yangu aliyatamka dubu akiwa bado anautafuna mguu wake."