Mhakiki wa Siri

Kiboko alikuwa mhariri mkuu wa jarida la wanyama kuhusu utunzaji wa maji, na aliliendesha akiwa amejilaza bwawani. Siku moja Ndovu alimpelekea makala: bwawa linakauka, kwa hiyo visima vichimbwe upesi kwenye mchanga wa mto.

"Si uchimbe tu?" Swala alimuuliza Ndovu.

"Kiboko amekataza. Hakichimbwi kisima ambacho jarida halijakipitisha."

Kiboko alipiga mwayo. "Makala yako itakwenda kwa mhakiki. Jina lake ni siri."

Jibu lilikuja mvua zimeshakatika: makala ni nzuri, ila mwandishi hakuzitaja kazi za Kobe, msomi mkubwa.

Ndovu aling'aka. "Siri gani hiyo, na kila mnyama anajua ni Kobe mwenyewe?"

Hata hivyo alimeza hasira, akamtaja Kobe. Makala ikarudishwa tena: Kobe atajwe mwanzoni. Usomi gani huo!

Watoto wa Swala wakafa kwa kiu. Bwawa likageuka tope, na Kiboko akanasa humo hadi shingoni.

"Ndovu, mama yangu, nivute! Nakufa!"

Ndovu alisimama ukingoni.

"Kilio chako tumekipokea, mheshimiwa. Nimekipeleka kwa mhakiki. Jina lake ni siri, lakini ukiinua kichwa utamwona."

Kiboko akainua kichwa. Kule mbali, kando ya kichuguu, Kobe alikuwa ndiyo kwanza anatoa mguu kwenye gamba.