Pombe ya Kundaeli

Watu walipanga foleni tangu alfajiri kusubiri pombe ya ndizi ya Kundaeli. Ndeanasia, aliyemfundisha kuipika, aliwapita wote hadi mbele. Kundaeli ndiye aliyevumisha kwamba pombe ya mwalimu wake inaharisha watu, wateja wakamhama.

“Shikamoo, dada,” Kundaeli alisema, akimpa kata ya kibuyu iliyojaa pomoni.

Ndeanasia hakuitikia. “Onja kwanza. Au siku hizi mpishi haonji mbele ya mgeni?”

Watu wakacheka. Kundaeli akapiga funda moja, akairudisha kata.

Ndeanasia akajaza kinywa. Pombe ilikuwa tamu kuliko sifa zake, tamu kuliko yoyote aliyowahi kuipika yeye. Foleni nzima ikamkazia macho, maana kila mtu alijua ulimi wake haukosei.

“Basi sema, dada,” Kundaeli aliomba.

Ndeanasia akaitema yote chini, akajifuta midomo kwa khanga.

“Hii ndiyo mnayoiamkia?”

Mwanamume aliyekuwa mbele kwenye foleni alibaki na kata yake mdomoni, hanywi wala haishushi.