Tahadhari ya Saa Nane

Nchagwa aliliona kosa lake kwenye skrini ya programu aliyoiunda kuwatumia wachimbaji tahadhari kwa simu.

Wenye baruti walimwambia watalipua mwamba saa nane mchana. Yeye akaiandikia programu namba nane tu. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo tahadhari iliwafikia wachimbaji saa mbili asubuhi. Walikimbia, wakasubiri, hakuna kilicholipuka, wakarudi shimoni.

Sasa saa nane ilikuwa imekaribia kabisa.

Alimpigia dada yake, aliyekuwa huko mgodini akiponda mawe.

"Tokeni! Wanalipua sasa hivi!"

"Weee, mtaalamu!" Dada alicheka, na wanawake wenzake wakacheka naye. "Asubuhi umetukimbiza kama mbuzi, nimepoteza kandambili moja. Unataka na hii nyingine?"

"Dada, nakuapia..."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa.

Wenye baruti hawabebi simu karibu na nyaya zao za kulipulia, hivyo hakuweza kuwapigia wasubiri. Nchagwa alirukia bodaboda iliyokuwa nje, wakapasua vumbi kuelekea kilimani.

Kwenye kamba nyekundu inayozunguka eneo la milipuko dereva alifunga breki.

"Hapo siingii, kaka."

Nchagwa alivua shati, akairuka kamba, akaanza kupanda akilipunga juu ili wenye baruti wamwone.