Ua la Henri

Fabiola alitua bidoni ya maji aliyoibeba mgongoni, akapita jikoni bila kusimama, akaimimina yote kwenye beseni lenye ua moja.

"Fabiola!" Mama Masika alitokea mlangoni na sufuria ya majani ya muhogo mkononi. "Na sombe nitaipika na nini? Na mate?"

"Mama, Henri anarudi Jumapili."

Mama akarudi jikoni na sufuria yake kavu.

Mambo yalianza siku ya posa. Henri, mfanyabiashara wa vitenge na mpenzi mkubwa wa sauti yake mwenyewe, alichimba kishimo kati ya mawe ya volkano uani kwao Fabiola, pale Katoyi, akapanda ua la rangi ya machungwa mbele ya wageni wote.

"Linaitwa gazania," alitangaza. "Nimelitoa Kampala. Ni ndugu ya alizeti, linaishi miaka na miaka, ukame haulitishi. Ni kama muke muzuri: halidai kitu!"

Wageni walicheka hadi mifupa ya kuku ikawatoka midomoni. Kicheko kikamlevya Henri.

"Musikilize! Nikirudi kutoka safari ya vitenge nikute limekufa, basi Mungu mwenyewe amekataa ndoa hii. Mbuzi nitakazoleta za mahari zitarudi kwetu!"

Papa Josias, baba yake Fabiola, alikubali upesi, maana banda la mbuzi alikwisha kulijenga. Henri akaendelea kueleza namna ya kulitunza ua, lakini wali ulikuwa umeletwa. Fabiola peke yake ndiye aliyemsikiliza hadi mwisho.

Henri aliposafiri tu, Fabiola akaling'oa ua kule kwenye mawe. Akalipanda katika beseni zima lisilo na tundu hata moja, kwenye udongo mzito kutoka Kalengera.

"Muone mapendo!" walisema majirani. "Analilaza pazuri kama mutoto."

Kisha akaja shangazi yake, Tantine Kaswera, muuza mboga. Aligeuza jani: juu kijani, chini jeupe kama limepakwa unga. Akang'ata ncha, akatafuna, akafumba macho.

"Henri anawadanganya. Hii ni salade iliyozeeka. Na salade inataka maji asubuhi na jioni. Miye nimeanza kuuza mboga Fabiola hajazaliwa. Nani atanifundisha?"

"Ndiyo, Tantine," alisema Fabiola kwa heshima, akainua bidoni.

Basi nyumba nzima ikaingia kazini. Papa Josias, ambaye tangu aoe hakuwahi kubeba maji, alionekana kwenye foleni ya robine ya maji akisukumana na akina mama. Siku moja wingu lilifunika jua, na ua likakunja petali zake.

"Linazimia kwa kiu!" alipiga kelele, akalimwagia maji yake ya kuoga, sabuni ingali mwilini.

Wingu likapita, petali zikafunguka.

"Munaona? Miye ni daktari!"

Kisha majani yakaanza kuwa ya njano. Wakaongeza maji. Shina likalegea. Wakaongeza tena. Mama Masika akatoa hata maji ya sombe, na siku hiyo wakala mikate mikavu wakilitazama ua kama mgonjwa wa hospitali.

Jumapili Henri akafika na wajomba zake, mbuzi wakilia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Aliliendea beseni akitabasamu, akalishika ua kwa vidole viwili. Likamfuata lote, mizizi ikichuruzika kama uji.

"Neno lilisemwa mbele ya watu," alisema mjomba mkubwa, mtu wa kanisa, huku akiigeuza chukudu.

Papa Josias aliwasindikiza mbuzi kwa macho hadi walipopotea barabarani pamoja na wajomba; Henri peke yake alibaki kando ya beseni. Kisha akamshika binti yake mkono, machozi yakimlenga.

"Mutoto wangu, ulijitahidi, sisi wote tumeona. Sasa omba Henri pardon, pengine roho yake italainika."

Fabiola alijifuta mikono kwenye kitenge, akamtazama Henri usoni.

"Siku ile munagombania wali, alinieleza muzuri kabisa: jua haliliui, mawe hayaliui, maji mengi tu ndiyo yanaliua. Pardon siombi."