Kisiki cha Mnyaa

"Muulizeni Kasian," baba yake aliwaambia wajumbe wa baraza la kata. "Mwanangu anafundisha watoto kanisani kila Jumapili. Hasemi uongo."

Walikuwa wamesimama kwenye shamba la maharage, huko Muyama. Jirani yao mjane, aliyelalamika kwamba mpaka umesogezwa, alikuwa ameketi kwenye nyasi, amechoka kujieleza. Baba, mzee wa kanisa, alikuwa ameikumbatia Biblia yake kifuani.

 Kwa Kasian, kusema ukweli kulikuwa ni kumvua baba nguo mbele ya kijiji kizima.

"Tuambie, mwalimu," mwenyekiti alimhimiza.

 Kasian alichukua jembe, akahesabu hatua nane kutoka mpaka wa sasa kuingia ndani ya maharage ya baba, akaanza kuchimba.

"Kasian! Acha!" baba alifoka.

Jembe liligonga kisiki cha mnyaa, mti uliopandwa kuonyesha mpaka. Kilikuwa kimeoza pembeni, lakini alama ya panga bado ilionekana.

"Mpaka ulikuwa hapa," alisema. "Mnyaa huu niliukata mimi, mwaka ule alipofariki mume wa mama huyu. Baba alinituma."

 Baba alimkabidhi mwenyekiti Biblia, akamwendea mwanawe polepole, akanyoosha mkono.

"Lete hilo jembe."

Kasian aliyatazama makali yake, akasita, kisha akampa.

Mzee alimpita bila kumtazama. Alitembea hatua kadhaa kwenye mstari wa mpaka wa zamani, akainama, akapiga jembe ardhini kwa nguvu.

"Mnyaa wa pili ulikuwa hapa," alisema.